Hamira au pakiti ya Bacillus? Cha kuchanganya kwenye chakula cha perege, Moshi na Arusha

Ukiingia duka la pembejeo Moshi mjini siku hizi ukasema unafuga samaki, hutoki bila kuonyeshwa mfuko wa probiotiki. Jirani yako mwenye bwawa atakwambia usitupe hela, weka hamira ya maandazi inatosha. Wa tatu yeye anamwagia mtindi. Wote wanazungumzia jambo moja, yaani vijidudu hai ambavyo samaki akivila vinamjenga afya. FAO na WHO walipokubaliana maana ya probiotiki mwaka 2001 waliweka masharti mawili: viwe hai, na viwe vingi vya kutosha kuleta faida. Karibu kila tofauti kati ya bidhaa hizi inatoka kwenye mojawapo ya masharti hayo.

Msimamo wangu ni huu, ili asiye na muda asihangaike kusoma hadi chini. Mwenye bwawa la udongo na chakula cha kujisagia mwenyewe aanze na hamira. Mwenye tangi la zege au la turubai, samaki wamebanana na analisha chakula kinachoelea, anunue Bacillus, yaani bakteria wa unga wanaouzwa kwenye pakiti. Na mwenye bwawa upande wa Arusha, ikiwa ni Julai, abaki na hela yake mfukoni.

Kwanza baridi

Hili watu wanalipita haraka, na ndilo linaloamua. Perege anakua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 26 na 30 hivi. Chini ya 20 anakula kwa kudokoa tu. Moshi mjini iko kwenye mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, Arusha mjini iko karibu mita 1,400, na tofauti hiyo unaiona kwenye bwawa. Huko tambarare chini ya Moshi, Mabogini na Chekereni, unaweza kulisha karibu mwaka mzima. Marangu juu, Sakina au Ngaramtoni, kuanzia Juni mpaka Agosti samaki anatulia chini na chakula kinabaki kikielea mpaka kinaloa na kuzama.

Sasa, kijidudu kinaingia tumboni kwa kupitia chakula. Samaki asiyekula hakipati. Halafu joto la mwili wa samaki ni lile la maji aliyomo, si kama kuku ambaye mwili wake una nyuzi 41 hata kukiwa na barafu nje. Bakteria wengi wa kwenye pakiti, na hasa wale wa maziwa, wanazaliana vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 37. Kwenye nyuzi 18 wapo tu, hawafanyi kazi ya maana. Nunua kipimajoto cha maji kabla ya kununua kijidudu chochote. Pima saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri kwa wiki moja. Kama alasiri hufiki 22, ahirisha mpaka jua la Septemba au Oktoba.

Ndiyo maana pia mfuko wa probiotiki ya kuku haufai kubebwa moja kwa moja na kupelekwa bwawani. Mara nyingine ndani kuna Bacillus yule yule, sawa, lakini mara nyingine kuna bakteria waliochaguliwa kwa ajili ya utumbo wenye joto. Na kuna hatari kubwa zaidi: unga mwingi wa kuku unaoitwa "vitamini" una oksitetrasaiklini ndani, ambayo ni antibiotiki. Ukiuchanganya na probiotiki umenunua bakteria na sumu ya bakteria kwa siku moja. Geuza pakiti, soma nyuma.

Pakiti ya Bacillus

Sifa yake kubwa ni ugumu. Bacillus subtilis na ndugu yake Bacillus licheniformis wanapoona mazingira mabaya wanajifunga ndani ya ganda gumu, wanakuwa kama mbegu kavu. Katika hali hiyo joto la mashine ya kutengeneza vidonge vya chakula haliwamalizi, asidi ya tumboni haiwamalizi, na rafu ya dukani wanaivumilia miezi mingi. Wakifika kwenye utumbo wenye unyevu na chakula, wanaamka. Hapo wanatoa vimeng'enya vya kuvunja protini na wanga, wanagombania nafasi na chakula na bakteria wabaya, na baadhi yao wanatoa kemikali zinazowazuia hao wabaya kuzaliana. Kinga ya samaki nayo inaamshwa. Misri, ambako perege anafugwa kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, watafiti walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kuwalisha sato (perege wa Nile) Bacillus subtilis na Lactobacillus acidophilus kisha kuwaambukiza makusudi. Waliolishwa walistahimili maambukizi kuliko wasiolishwa, yakiwemo ya Aeromonas, bakteria yule anayeleta vidonda vyekundu ubavuni na tumbo kujaa maji.

Anayenunua anapaswa kujua kusoma lebo, maana hapa ndipo watu wanapoliwa. Tafuta herufi CFU. Ndiyo hesabu ya vijidudu vinavyoweza kuota. Tuseme lebo inasema 2 × 10⁹ CFU kwa gramu, maana yake bilioni 2 katika kila gramu, na inakuambia uweke gramu 2 kwa kilo ya chakula. Gramu 2 ni bilioni 4. Zigawe kwa gramu 1,000 za chakula, unapata milioni 4 kwa kila gramu. Majaribio mengi ya samaki yanatumia kati ya milioni 1 na bilioni 1 kwa gramu ya chakula, kwa hiyo hiyo imo ndani, ingawa iko upande wa chini. Ukikuta pakiti isiyo na hesabu yoyote, ina picha ya samaki anayeruka na neno "nguvu", irudishe kwenye rafu.

Pakiti za aina hii mara nyingi zimekaa dirishani zikiota jua. Bacillus anavumilia joto, lakini unyevu unamwamsha kabla ya wakati, na akiamka ndani ya pakiti anakufa humo humo. Unga ulioshikana mabonge usiuchukue, hata kwa punguzo.

Namna ya kupaka iko hivi. Pima chakula cha siku hiyo tu. Koroga unga kwenye maji safi, kama nusu kikombe cha chai kwa kila kilo ya chakula. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo yaache kwenye ndoo wazi juani siku nzima kabla, au chukua ya mvua. Nyunyiza kwa chupa ya kupulizia huku ukigeuza chakula kwenye karai, subiri robo saa kiingie ndani, kisha zungushia mafuta ya alizeti kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa kilo. Mafuta ndiyo kila kitu hapo. Bila mafuta, vidonge vikigusa maji unga wote unaoshwa na unakuwa umelilisha bwawa badala ya samaki. Kausha kivulini, lisha siku hiyo hiyo.

Hamira

Hamira ni kuvu, jina lake la kisayansi Saccharomyces cerevisiae, na ni ile ile ya maandazi na mikate. Hakuna duka la Kiboriloni au Tengeru lisilokuwa nayo, na hapo imeshaizidi pakiti ya Bacillus kwa jambo moja kubwa: ukiishiwa leo jioni, kesho asubuhi unayo. Probiotiki zinataka mwendelezo. Vijidudu hivi havijengi makazi ya kudumu tumboni mwa samaki. Ukiacha kuvilisha, ndani ya muda mfupi vinatoka na kinyesi. Kwa hiyo bidhaa ya kawaida usiyoikosa inaweza kukufaa kuliko bora unayoipata mara moja moja basi likitoka Nairobi au Dar es Salaam.

Jaribio ninalolikumbuka zaidi ni la Mexico, la mwaka 2003. Vifaranga vya sato vililishwa chakula chenye Streptococcus faecium na Lactobacillus acidophilus, wengine chenye hamira, kila moja kwa asilimia 0.1 ya chakula, na makusudi wakawabana wengine kwa wingi na kuwapunguzia wengine protini kutoka asilimia 40 hadi 27. Hamira ndiyo iliyotoka mbele. Angalia mazingira ya jaribio lenyewe: protini ndogo, samaki waliobanwa. Hiyo ndiyo hali ya mabwawa yetu mengi, ambako dagaa wakipanda bei mtu anajaza pumba za mahindi.

Kuna faida nyingine ambayo Bacillus hana. Hamira ikifa, bado inasaidia kidogo, kwa sababu ukuta wa seli yake una beta-glukani, sukari inayoishtua kinga ya samaki. Haitaitwa probiotiki tena, lakini hujapoteza vyote. Vile vile antibiotiki haziiui, maana zinalenga bakteria na hamira si bakteria.

Udhaifu wake ni joto. Ikifika nyuzi 55 hadi 60 imekwisha. Wafugaji wengi wanaojisagia wanapika kwanza: unga wa muhogo unachemshwa uwe kama uji mzito wa kushikisha, unachanganywa na dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti na pumba, kisha donge linapitishwa kwenye mashine ya kusagia nyama na tambi zinazotoka zinaanikwa juani. Ukitia hamira kwenye sufuria ya moto umeipika. Subiri donge lipoe mpaka unaweza kulikanda kwa mkono bila kushtuka, ndipo utie hamira iliyokorogwa na maji ya vuguvugu. Halafu jua. Bati la Moshi saa saba mchana mwezi wa Februari linachoma mguu, sembuse kijidudu. Anika chini ya mti au kwenye chanja chenye upepo. Itachukua siku moja zaidi, ndiyo gharama yake.

Hesabu yake ni ndogo mpaka inachekesha. Samaki 500 wenye wastani wa gramu 200 ni kilo 100. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito, ni kilo 3 za chakula kwa siku. Hamira ya asilimia 0.1 ni gramu 3 kwa siku, gramu 90 kwa mwezi. Hata ukipandisha mpaka asilimia 1, ni gramu 30 kwa siku. Linganisha na chochote kingine unachonunua kwa ajili ya bwawa lile.

Mbona basi nisiseme kila mtu atumie hamira? Kwa sababu kwenye chakula kinachoelea cha kununua, ambacho tayari kina protini ya kutosha, faida yake inafifia. Na kwenye tangi lenye samaki wamebanana, tatizo kubwa ni bakteria wa magonjwa na uchafu, ambako Bacillus ana silaha nyingi zaidi. Bacillus anayetoka na kinyesi anaendelea kuvunja uchafu chini ya tangi. Hamira haina kazi hiyo.

Mtindi, pipa la kuchachusha na machicha

Mtindi una bakteria wazuri wa jamii ya Lactobacillus, hilo ni kweli, ila katika kundi hili lote ndio walio dhaifu kuliko wote kwa joto na kwa kukauka. Mtindi wa mgando wa nyumbani una vijidudu hai. Ule wa pakiti uliochemshwa tena ili ukae miezi nje ya friji hauna. Ukipaka chakula kwa mtindi, tumia uliokamuliwa mafuta, kidogo, na lisha ndani ya saa moja. Kuumwagia bwawani moja kwa moja ni kuchafua maji kwa maziwa. Kwa familia yenye ng'ombe wa ndani na bwawa dogo la kitoweo sioni ubaya. Kwa mwenye biashara siupendekezi.

Pipa ni habari nyingine, na kwa watu wa Moshi lina sababu ya kuangaliwa kwa sababu kiwanda cha sukari cha TPC kiko Arusha Chini na molasi haitoki mbali. Unachukua pumba na mashudu, unalowesha kwa maji yenye molasi kidogo na hamira au mtindi mpaka ukifinya ngumi haidondoshi maji, unashindilia kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, unafunga hewa isiingie, unaacha siku mbili au tatu. Kikitoka kina harufu ya uchachu mtamu na kinameng'enyeka vizuri zaidi, kwa sababu mchachuko unavunja sehemu ya zile kemikali za pumba na mashudu zinazofunga madini. Lakini pipa likiingia hewa unapata ukungu, na ukungu kwenye pumba za mahindi ni sumukuvu. Tusilifanyie utani: mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na pumba tunazonunua zinatoka kwenye mahindi ya mikoa hiyo hiyo. Samaki naye anaumia ini. Hakuna probiotiki ya kusafisha pumba zilizooza. Zikinuka ukungu, tupa.

Machicha ya mbege, pombe ya ndizi, mtu akikupa bure, chukua yakiwa mabichi, ni chakula kizuri na yana chachu ndani. Ila usiyahesabu kama dozi, maana hujui yana kiasi gani na siku ya pili yameshakuwa kitu kingine.

Chakula kilichochanganywa kiwandani

Kipo, na kwa asiye na muda wa karai na chupa ya kupulizia ndicho rahisi. Chakula kinachoelea kinapita kwenye mashine yenye joto la zaidi ya nyuzi 100, kwa hiyo uliza maswali mawili tu: ndani kuna Bacillus, au vijidudu vingine vilipakwa baada ya kupoa? Kama jibu ni Lactobacillus na hakuna anayejua waliwekwa lini, unalipia jina.

Yasiyotibiwa na chochote kati ya hivi

Samaki akishaanza kuzunguka kama aliyelewa na macho yametoka nje, hiyo inafanana na Streptococcus, na umechelewa. Probiotiki ni ya kinga, inataka wiki tatu nne za kulisha kabla ya shida. Chukua samaki wawili watatu wanaoumwa lakini bado hai, wapeleke wapimwe. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, una kituo Arusha, na afisa uvuvi wa halmashauri ndiye mlango wa kuanzia kwa aliye Moshi. Antibiotiki bila kipimo usianze. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, kwa hofu ya bakteria sugu, na bakteria sugu wa bwawani hawana adabu ya kubaki bwawani.

Kuna na maji ya mfongo, mfereji wa asili wa Wachagga. Yakipita kwenye shamba la kahawa wakati wa kupulizia dawa ya shaba dhidi ya chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, yanakuja na shaba, na shaba inaua bakteria wako na inaumiza matamvua ya samaki. Ongea na wenye mashamba ya juu ujue siku zao, ufunge mlango wa maji. Upande wa Meru maji mengi yana floridi nyingi, na hakuna kijidudu cha kwenye pakiti kitakachoiondoa.

Jipimie mwenyewe

Usiniamini mimi wala muuzaji. Tundika hapa (vizimba vya neti) mbili kwenye bwawa moja, weka samaki 50 wa saizi moja katika kila moja, walishe chakula kile kile kwa uzito sawa, chakula cha moja upake probiotiki, cha nyingine upake maji na mafuta matupu. Pima uzito kila wiki mbili kwa wiki nane, na andika kilo za chakula kilichotumika kwa kila kilo ya samaki iliyoongezeka.

Tuseme bila probiotiki umetumia kilo 1.8, na kwa probiotiki 1.6. Kwenye ongezeko la kilo 100 za samaki hiyo ni kilo 180 dhidi ya 160, umeokoa kilo 20 za chakula. Kama kilo unainunua shilingi 3,500, umeokoa 70,000. Chakula cha kilo 160 kwa gramu 2 kwa kilo kinataka gramu 320 za unga wa Bacillus, na hapo bei ya pakiti ikiwa chini ya hiyo 70,000, nunua. Ikiwa juu, rudi kwenye hamira, ambayo kwa hesabu hiyo hiyo ni gramu 160 tu. Na ukikuta hapa zote mbili zimetoka sawa, hela hiyo iongeze kwenye dagaa.